Jenerali Aliyetumikia Chini ya Mdogo Wake

Na Karani wa Riruta

Jioni moja, nilipokuwa nikirudi nyumbani kutoka kazini, nilimkuta jirani yangu mmoja mzee ameketi mbele ya mlango wake, karibu na barabara ya Naivasha, akiota jua la mwisho. Nikamwamkia, naye akaniambia niketi. Mzee huyu amepita miaka 85, lakini akili yake ni nzima na maneno yake si mengi.

“Karani,” akaniambia, “wewe wasoma vitabu. Nataka unijibu neno moja ambalo nimelitafuta tangu utotoni. Baba yangu na kaka yake walichukuliwa mwaka 1917 kwenda kubeba mizigo ya vita. Baba alirudi. Kaka yake hakurudi. Baba alitusimulia habari za mvua, na njaa, na kuhara damu, na mizinga iliyonguruma mbele yao huko Lindi. Lakini tulipomwuliza, ‘Mlikuwa mkipigana na nani?’ alijibu tu, ‘Na Mjeremani.’ Zaidi ya hayo hakujua. Je, Mjeremani huyo alikuwa na jina?”

Nilitaka kumjibu palepale kwamba jina lake ni Lettow-Vorbeck, maana ndilo jina ambalo kila mtoto wa shule hufundishwa. Lakini nilinyamaza, nikaenda kusoma kwanza. Nami nashukuru kwamba nilinyamaza, kwa kuwa niliona ya kuwa pale Lindi, mwaka ule wa 1917, aliyesimama mbele ya majeshi ya Waingereza kwa majuma mengi hakuwa Lettow-Vorbeck bali mzee mwingine, Meja Jenerali Kurt Wahle. Habari zake ni ngeni kwa watu wengi, nazo zina mafundisho. Nimeziandika hapa kwa kuwa nadhani wako wazee wengine, na wana wa wazee, walio na swali lilelile.

MGENI ALIYEKUJA KUTAZAMA MAONYESHO

Kurt Wahle alikuwa mtu wa Saxony, jimbo la Ujerumani ambalo siku zile lilikuwa na mfalme wake na jeshi lake. Alikuwa amekwisha maliza utumishi wake, akastaafu akiwa na cheo cha Meja Jenerali, na umri wake ulikuwa wakaribia miaka 60. Alikuwa na mtoto wa kiume aliyekaa katika nchi ya Tanganyika, ambayo wakati ule ilikuwa koloni la Wajerumani. Mwaka 1914 Wajerumani walitengeneza maonyesho makubwa mjini Dar es Salaam, maana reli yao ya kati ilikuwa imefika Kigoma mapema mwaka huo. Basi mzee Wahle akapanda meli, akaja kumtazama mwanawe na kuyaona maonyesho, kama vile mzee wa kwetu aendavyo Mombasa kumtazama mwana aliyeajiriwa bandarini.

Alishuka Dar es Salaam mwanzoni mwa mwezi wa Agosti. Siku chache baadaye vita vikatangazwa kati ya Uingereza na Ujerumani. Maonyesho yakafa kabla ya kufunguliwa, bahari ikafungwa na manowari za Kiingereza, na mgeni hakuweza kurudi kwao.

Mkuu wa majeshi katika koloni lile alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck, mtu wa miaka 44, aliyefika katika nchi Januari ya mwaka uleule. Cheo chake kilikuwa Luteni Kanali tu. Kwa desturi za jeshi la Kijerumani, Wahle alimzidi kwa madaraja mawili, na kwa umri alimzidi miaka mingi zaidi. Sisi tulio maofisini twajua jinsi jambo kama hili lilivyo gumu. Karani mkuu aliyestaafu akirudi na kumkuta kijana wa juzi ameketi katika kiti chake, aghalabu hutaka asimame, na kama kijana hasimami, basi mzee huondoka na manung’uniko.

Wahle hakudai kiti. Alijiweka chini ya amri ya Lettow-Vorbeck, akapokea kazi aliyopewa, akaifanya. Wahenga walisema, heshima si utumwa. Jenerali yule hakupungukiwa na kitu kwa kumtii mdogo wake, naye Luteni Kanali alipata msaidizi ambaye hangempata kwa fedha.

Wala msomaji asidhani kwamba wakubwa wote wa Kijerumani walifanya hivyo. Gavana wa koloni, Heinrich Schnee, alishindana na Lettow-Vorbeck tangu siku za kwanza juu ya nani aliye na neno la mwisho, na mashindano yao hayakwisha hata vita vilipokwisha. Katikati ya ugomvi huo, mzee aliyekuwa na haki kubwa zaidi ya kujivuna ndiye aliyetulia.

KAZI YA NJIA NA MIZIGO

Kazi ya kwanza aliyopewa haikuwa ya kupigana. Alipewa kuangalia njia zote za nyuma ya jeshi, yaani chakula, risasi, dawa, maghala na watu wa kuvichukua. Wengi huidharau kazi hii kwa kuwa haina tarumbeta. Lakini jeshi lisilopata chakula kwa siku tatu si jeshi tena.

Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 na Wazungu 260 hivi, kisha wakazidi. Katika nchi palikuwa na reli mbili: moja ilitoka Tanga hata Moshi, na nyingine Dar es Salaam hata Kigoma. Reli hizo hazikuungana. Mapigano ya miaka miwili ya kwanza yalikuwa upande wa Kilimanjaro na Taveta, na vitu vingi vilivyohitajiwa vilitoka upande wa reli ya kati. Ilibidi mizigo ivushwe nyika iliyo katikati. Kutoka Mombo kwenda Handeni walitandika reli ndogo iliyotolewa mashambani, na vigari vyake vikasukumwa kwa mikono. Mahali pengine pote mzigo ulikwenda juu ya kichwa cha mtu.

Mtu aweza kuuliza, mbona hawakutumia ng’ombe, punda au farasi? Jibu ni mbung’o. Katika sehemu kubwa ya nchi ile mdudu huyo aliwaua wanyama wa kazi upesi kuliko risasi. Waingereza nao walijifunza neno hili kwa gharama kubwa, maana walileta farasi na nyumbu kwa maelfu kutoka Afrika ya Kusini, na karibu wote wakafa njiani. Basi pande zote mbili zikageukia mnyama mmoja asiyeuawa upesi na mbung’o, naye ni mwanadamu.

MIZINGA YA MANOWARI

Yafaa hapa tuseme habari za mizinga, kwa sababu ndiyo aliyoisikia baba wa jirani yangu.

Huko Ulaya vita vile vilikuwa vita vya mizinga. Austria ilikuwa na mizinga mikubwa iliyotengenezwa na kiwanda cha Škoda, yenye mdomo wa upana wa sentimita 30 na nusu. Kombora lake moja lilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 280, na mwaka 1914 mizinga hiyo iliazimwa kwa Wajerumani ili kuvunja ngome za Ubelgiji. Ilivutwa na magari ya moto yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo hasa. Jemadari wa mizinga huko alihesabu magari, mafuta na barabara.

Katika Afrika ya Mashariki hapakuwa na magari kama hayo, na mizinga ya Wajerumani mwanzoni ilikuwa michache, midogo, na mingine ya kizamani. Mizinga mikubwa walipata kwa msiba. Manowari yao Königsberg, ambayo mnamo tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus hapo Unguja, ilijificha baadaye katika mikono ya mto Rufiji. Waingereza waliizingira kwa miezi mingi, na tarehe 11 Julai 1915 wakaiharibu kwa kutumia vyombo viwili visivyohitaji maji ya kina, Severn na Mersey. Wajerumani hawakukubali kuiacha mizinga yake 10 izame matopeni. Waliitoa yote, wakaipeleka Dar es Salaam, na katika karakana ya reli mafundi wakaitengenezea magurudumu ili iende nchi kavu.

Mtutu mmoja wa mzinga ule, peke yake, bila magurudumu, ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja na nusu. Kombora lake moja lilikaribia kilo 17. Chombo hiki kilichoundwa kukaa juu ya maji sasa kilivutwa kwa kamba na watu kwa mamia, kikapita mabondeni, milimani na katika mchanga. Mzinga ulipokwama, watu walikesha nao. Waliouvuta hawakuwa mabaharia waliouleta, bali Waafrika waliochukuliwa vijijini, ambao wengi wao hawakuwa wameiona bahari.

Msomaji akifika Mombasa, aweza kuingia katika Ngome ya Yesu akauona mmoja wa mizinga ya Königsberg, na karibu yake mzinga wa Pegasus, maadui wawili waliotulia katika ua mmoja. Na auwekee mkono mtutu ule wa chuma, kisha ajiulize ungehitaji mabega mangapi kutoka pale hata Voi.

TABORA YAANGUKA

Mwezi wa Machi 1916 Jenerali Smuts wa Afrika ya Kusini aliingia Tanganyika kutoka upande wa Kenya na jeshi kubwa. Mwezi uliofuata Wabelgiji wakaingia kutoka Kongo, wakiongozwa na Jenerali Tombeur, nao pia wakiwa na wapagazi wengi kuliko askari. Waingereza wengine wakashuka kutoka upande wa Ziwa Victoria. Lettow-Vorbeck hakuweza kuwa kila mahali. Upande wote wa magharibi akauweka mikononi mwa mzee Wahle, na makao yake yakawa Tabora.

Hapo ndipo mtu wa maghala alipokuwa tena mtu wa vita. Mwezi wa Septemba 1916 alipigana na Wabelgiji karibu na Tabora, huko Lulanguru na Itaga, na zaidi ya mara moja aliwarudisha nyuma. Lakini walikuwa wengi mno. Aliuacha mji usiku, na tarehe 19 Septemba Wabelgiji wakaingia.

Safari iliyofuata ilikuwa ngumu kuliko mapigano. Wahle aliligawa jeshi lake mafungu matatu, akaelekea kusini na mashariki kwenda kuwatafuta wenzake upande wa Iringa na Mahenge. Askari wengi walikuwa wenyeji wa magharibi. Walipoona wanaacha nyuma wake zao, watoto wao na mashamba yao, walitoroka usiku mmoja mmoja, na ni nani angewalaumu? Fungu moja, lililoongozwa na Hübner, lilizingirwa na kujisalimisha huko Ilembule mwezi wa Novemba. Wahle mwenyewe alipenya, akawafikia wenzake. Mapema mwaka uliofuata, mmoja wa maofisa wake, Wintgens, aligeuka akaenda kaskazini na kikosi chake kwa hiari yake mwenyewe, na mzee akapungukiwa tena.

Jeshi hilo lilikula nini njiani? Lilikula chakula cha wenye nchi. Na jeshi la Waingereza lililolifuata likala kilichosalia. Katika Ugogo, ambako majeshi yalipita na kuchukua nafaka, ng’ombe na vijana, ilikuja njaa ambayo wenyeji wanaiita Mtunya, na hata leo jina hilo halijasahauliwa.

KUTOKA RIRUTA HATA LINDI

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1917 Waingereza waliona kwamba vita havitakwisha bila wachukuzi wengi zaidi. John Ainsworth aliwekwa kuwa mkuu wa kuwatafuta watu hao katika Kenya, ambayo wakati ule iliitwa Himaya ya Afrika ya Mashariki. Machifu waliagizwa kila mmoja atoe hesabu yake, na katika miezi michache watu zaidi ya 100,000 walichukuliwa. Upande huu wetu wa Dagoretti palikuwa ndipo makao ya chifu mkuu Kinyanjui wa Gathirimu, na agizo lilifika hapa kama lilivyofika kwingine. Vijana walitolewa mashambani, mifugoni na safarini. Wengine walikimbilia misituni.

Huko Thogoto, mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka Riruta, Daktari John Arthur wa misheni ya Scotland alikusanya vijana wa misheni, yapata watu 2,000, akaondoka nao na kuwaongoza mwenyewe. Kwa kuwa walitunzwa na mtu aliyewajua, waliokufa kati yao walikuwa wachache kuliko katika vikosi vingine. Neno hili lapaswa kukumbukwa, maana laonyesha kwamba vifo vingi vya wachukuzi havikuwa lazima.

Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama ratili 50 au 60. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache sana. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi. Mtu wa nchi ya baridi, aliyezoea viazi, maharagwe na njugu, alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, akaupika kwa haraka baada ya mwendo wa siku nzima, mara nyingi katika mvua na kwa kuni mbichi. Tumbo lake likaharibika, na tumbo likiharibika mzigo haubebeki. Hesabu ya serikali ilionyesha kwamba wachukuzi wa upande wa Waingereza waliokufa walizidi 40,000. Wataalamu wa historia waliochunguza baadaye wanaamini kwamba huenda walifikia karibu 100,000. Wale wa upande wa Wajerumani na wa Wabelgiji hawamo katika hesabu hiyo.

Ndipo twaelewa methali ile isemayo, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Jemadari aliyeandika katika karatasi, “Mzinga upelekwe mbele,” hakuuona uzito wake.

MAHIWA

Katikati ya mwaka 1917 Wahle alikuwa amepewa kulinda njia zitokazo Lindi kuingia bara. Mwezi wa Agosti, huko Narunyu, aliwazuia Waingereza waliotoka pwani. Alirudi nyuma polepole, akichagua mahali pazuri pa kusimama, akipigana, kisha akiondoka kabla ya kuzingirwa. Mmoja wa mizinga ya Königsberg ulikuwa umefikishwa upande huo, na sauti yake ndiyo iliyokuwa ikiwatetemesha wachukuzi waliokuwa nyuma ya mistari ya Waingereza.

Tarehe 15 Oktoba 1917 vita vikali vilianza karibu na Nyangao na Mahiwa, vikaendelea siku nne. Wahle na watu wake walishambuliwa mara kwa mara, nao hawakuondoka. Lettow-Vorbeck alikuja mbio na makombania mengine kumsaidia. Waingereza, chini ya Jenerali Beves, walikwenda moja kwa moja mbele ya bunduki za mtombo, na kati ya watu wasiofika 5,000 walipoteza wapatao 2,700 waliouawa na kujeruhiwa. Katika hao walikuwamo askari wengi wa Nigeria na wa King’s African Rifles, watoto wa Afrika. Wajerumani walipoteza kama 500. Lettow-Vorbeck alishinda, lakini hakuwa na watu wengine wa kujaza nafasi za hao 500, wala risasi za kujaza nafasi ya zile alizopiga. Ushindi ule ulimmaliza.

Mwezi uliofuata mizinga mikubwa ya mwisho iliharibiwa na wenyewe na kuachwa. Kazi yote ile ya kuikokota tangu Dar es Salaam iliishia porini. Tarehe 25 Novemba 1917 jeshi lililosalia lilivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji, na mzee Wahle alivuka nalo.

MWISHO WA SAFARI YA MZEE

Kwa miezi kumi walizunguka katika Msumbiji, wakila walichonyang’anya katika ngome za Wareno na vijijini. Mwisho wa Septemba 1918 walivuka tena Ruvuma kurudi Tanganyika, wakashika njia ya Songea na Njombe. Wahle alikuwa sasa amepita miaka 60. Alikuwa ametembea kwa miguu nchi ambayo kijana mwenye afya angeogopa kuitembea. Mwezi wa Oktoba, huko Ubena, mwili ulikataa. Alikuwa mgonjwa asiyeweza kusafiri, na jeshi halikuweza kumngoja. Lettow-Vorbeck aliagana naye, akamwacha pamoja na wagonjwa wengine ili Waingereza wamkute, nao wakamchukua mateka.

Ilikuwa imesalia chini ya majuma manne vita vikome Ulaya. Lettow-Vorbeck alisonga mbele hata Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, akapata habari za kusimama kwa vita, akaweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao sasa waitwa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Alikuwa na Wazungu 155 na askari Waafrika 1,168, pamoja na wapagazi wapatao 1,500.

Wahle alirudi kwao Ujerumani, akaandika kumbukumbu za miaka yake minne ya vita katika nchi yetu, nchi aliyokusudia kuitembelea kwa majuma machache tu.

JINA KATIKA DAFTARI

Nilipokwisha kusoma nilirudi kwa jirani yangu, nikamsimulia yote haya kama nilivyoyaandika. Alisikiliza bila kunikatiza. Habari ya mkubwa kumtii mdogo ilimpendeza, akatikisa kichwa, akasema, “Huyo alilelewa na wazee.” Kisha akauliza, “Na huyo mzee, alifika kwao?”

Nikasema, “Ndiyo, Mzee. Alifika, akaandika kitabu.”

Akanyamaza kidogo. “Basi yeye alikuwa na kalamu,” akasema. “Baba yangu mkubwa hakuwa na kalamu. Mama yake alingoja. Kila kundi liliporudi alikwenda njiani kutazama. Hakuna aliyemletea habari, wala barua, wala shilingi. Alikufa akingoja.”

Msomaji, mimi ni karani, na kazi ya karani ni kuandika majina. Najua jambo hili lilivyotokea. Katika vikosi vile, chini ya Oscar Watkins aliyekuwa mkuu wa wachukuzi, kila mtu alipewa namba na kibati, na alama za vidole zilichukuliwa. Wala hatuna budi kusema kwamba Watkins alijitahidi. Lakini mtu aliandikwa na karani asiyejua lugha yake. Jina la baba likawekwa mahali pa jina la mtoto, jina la kijiji likawekwa mahali pa jina la ukoo, na wengine walikuwa na jina moja katika kikosi kimoja. Mtu huyo alipokufa, mshahara wake ulibaki katika daftari, na hapakuwa na mtu aliyejua ni wa nani. Fedha nyingi za marehemu namna hii hazikufika kamwe kwa mama zao wala kwa wajane wao. Na vita vilipokwisha, desturi ile ya namba na alama za vidole haikuachwa. Sheria yake, iliyotungwa mwaka 1915, ilianza kutumika, nacho kipande kikaning’inizwa shingoni mwa kila mwanamume. Serikali iliyoshindwa kuwapata wachukuzi ili iwalipe ilijua namna ya kuwapata ili wafanye kazi.

Mjini Nairobi, katika barabara ya Kenyatta, ziko sanamu tatu za shaba nyeusi zilizosimamishwa mwaka 1928, na mmojawapo wa watu hao watatu ni mchukuzi. Twapita pale kila siku mbio mbio. Ng’ambo ya mto wa Nairobi iko Kariokor, na Dar es Salaam iko Kariakoo. Majina yote mawili ni neno moja, yaani jina la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi lililotamkwa na ndimi zetu. Maelfu ya watu hununua na kuuza katika masoko hayo, na wachache hujua kwamba wanalitaja jeshi lisilokuwa na bunduki.

Jioni ile nilikwenda nyumbani nikaleta daftari jipya. Mzee akanitajia jina la baba yake mkubwa, na la baba yake huyo, na mbari yake, na rika lake, na mahali nyumba ya mama yake iliposimama hapa Riruta. Nikayaandika yote polepole, nikamsomea, akanisahihisha herufi mbili. Kisha akaniomba nimsomee tena.

Namshauri kila msomaji aliye na mzee nyumbani afanye vivyo hivyo mwezi huu, asingoje mwaka ujao. Mwulize ni nani aliyekwenda, na ni nani asiyerudi. Andika jina kama mama yake alivyolitamka. Majenerali wana vitabu vyao tayari. Wachukuzi hawana daftari jingine ila lile tutakaloliandika sisi, na walio na kumbukumbu hizo wanapungua kila masika.